Rejeta, Unga wa Ikinga na Posa Yangu

Nyie vijana mnaojiita mafundi pale Tunduma, gari likizima kitu cha kwanza mnachofanya ni kulipiga tairi teke. Nimewaona. Cha pili mnamlaumu aliyelishika kabla yenu, na cha tatu mnaagiza kipuri kipya. Sina ugomvi na vipuri vipya, ila wakati wetu kipuri kikitoka Dar es Salaam kilikuja polepole, hata siku ya kukipokea umeshasahau kilikuwa cha nini. Ilibidi mtu atumie kichwa. Na mimi, nikiwa mkweli, kichwa changu wakati huo kilikuwa na kazi moja tu, kuvaa kofia.

Wengi mnanifahamu kama Fundi Asege, yule mzee anayekaa kwenye benchi pale Vwawa akikosoa milio ya magari ya watu yanayopita. Jina langu ni Asegelile, Mndali wa Ibaba. Niliacha kazi magoti yalipokataa kulala chini ya gari na kunyanyuka siku hiyo hiyo. Leo nawaambia habari za Landrova moja ya enzi za Mwingereza, ile fupi ya turubai, ambayo nusura inikoseshe mke.

Landrova hiyo ilikuwa ya Mzungu mpima ardhi. Jina lake halisi lilitushinda kulitamka, tukamwita Bwana Ramani, naye akaitika. Alikuwa mrefu kupita kiasi, akikaa kwenye kiti magoti yanakaribia masikio. Mimi nilikuwa dereva wake na fundi wake, na gari likiharibika nilijilaumu mwenyewe pande zote mbili.

Ufundi nilifundishwa na Fundi Wiliamu, mtu wa Nyasa, ambaye yeye aliupata jeshini, Burma. Huyu mtu hakuwa na haraka na kitu chochote duniani. Akitaka kujua injini ina shida gani, anachukua mpini wa jembe, ncha moja anaiweka kwenye injini inayonguruma, ncha nyingine sikioni, anafumba macho. Jaribuni na nyie, inafanya kazi. Mlio unapanda kwenye mti, unasikia kila valvu inavyolalamika. Siku moja alikaa hivyo muda mrefu mno. Bwana Ramani akaanza kung'ata kucha, mimi nikaanza kuwaza kwamba sasa injini hii tunaizika. Tukasubiri weee. Baadaye mpini ukaanguka, na Fundi Wiliamu akashtuka akauliza kama chai iko tayari. Kumbe alikuwa amelala wima.

Lakini alikuwa mwalimu. Kosa langu la kwanza kubwa alilisahihisha bila hata kunitukana, ingawa nilistahili. Aliniambia nisafishe plagi. Plagi nne, waya nne. Nami kwa bidii zangu nikachomoa waya zote kwa pamoja, nikasugua plagi zikang'aa, nikarudisha waya kwa namna iliyonipendeza machoni. Bwana Ramani akaja, akazungusha hendeli mbele. Kabureta ikapiga chafya, halafu eksozi ikatoa mlio kama bunduki, mara mbili. Bwana Ramani alikuwa vitani, Fundi Wiliamu alikuwa vitani. Wote wawili wakajitupa kwenye mtaro mmoja, kifudifudi, mikono kichwani, wakakaa humo wakingoja adui. Mimi sikuwa nimepigana popote, nikabaki nimesimama nimeshika spana.

Fundi Wiliamu alipotoka mtaroni akajikung'uta, akasema, "Asege, moja, tatu, nne, mbili. Injini inawaka kwa zamu, haiwaki kwa urembo. Chomoa waya mmoja, safisha, rudisha, ndipo uende wa pili."

Basi shikeni hiyo. Na mkishachomoa plagi, msikimbilie kuisugua, itazameni kwanza rangi. Ikiwa ya kahawia, kama kahawa iliyokaangwa na mtu mwenye subira, injini ina afya. Ikiwa nyeusi ya masizi, inakula petroli kuliko inavyofanya kazi, na hapo angalieni choki, maana kuna madereva wanavuta choki asubuhi na kuisahau mpaka Jumapili. Ikiwa nyeupe, injini inapata homa. Kingine, vumbi. Ukishuka Momba wakati wa kiangazi, lile bakuli la oili la kusafishia hewa linajaa matope ndani ya siku mbili. Mwageni, osha kwa petroli kidogo, weka oili mpya mpaka kwenye alama. Injini inapumua kama wewe, na wewe mwenyewe ukizibwa pua hupandi kilima. Na kwenye mteremko, vuta kirungu chekundu, ingiza gia nzito, iache injini yenyewe ilishike gari. Breki ni ya kusimamia. Wanaoteremka kwa breki nimewatoa korongoni wengi, wengine wakiwa bado wamekanyaga.

Sasa Tabita.

Tabita alikuwa binti wa Kinamwanga, kwao nje kidogo ya Tunduma. Nilimwona tulipopiga kambi karibu na kisima chao, na tangu siku ile nikawa naosha gari mara mbili kwa siku, maana kisima kilikuwa chao. Alikuwa anasimama ananiuliza hiki ni nini, kile ni nini. Niliwahi kumweleza rejeta yote kuanzia mfuniko wa juu mpaka koki ya chini, na hakuna mtu aliyewahi kusikiliza habari za rejeta kwa macho mazuri namna ile. Nilimpenda nikashindwa kula, na mimi ni mtu wa kula.

Tatizo lilikuwa baba yake. Mzee Yosia alikuwa mzee wa kanisa, mkali wa pombe kijiji kizima, na aliwachukia madereva. Alikuwa na sababu. Miaka michache nyuma dereva mmoja wa lori, mlevi, aliacha barabara akapitia uani kwake na kung'oa choo. Mzee Yosia alikuwa ndani. Ukuta ukaenda, paa likaenda, yeye akabaki amechuchumaa mbele ya barabara kuu, na abiria wa lori wakamwamkia kwa heshima. Toka hapo kwake dereva na mlevi ni kitu kimoja.

Mshenga wangu, Baba Mdogo Asukile, alipopeleka posa mara ya kwanza, Mzee Yosia alimjibu hivi, kwa lile neno la heshima la Kinamwanga: "Mukwai, sikatai. Lakini huyo kijana nitamtazama mpaka mavuno. Nikisikia harufu ya pombe kwake, hata mara moja, asirudi hapa. Tena kuna mwalimu wa shule ameshaleta salamu zake, na mwalimu haendeshi kitu."

Nilikaa kitako. Mimi pombe sikuwa nagusa kabisa, tumbo langu haliitaki, lakini sasa nikawa napita mbali hata na wanaosimulia habari zake. Mavuno yakafika. Siku ya majibu ikapangwa, Jumanne.

Ijumaa iliyotangulia tulikuwa tunateremka Ikinga, huko kwetu Undali, mimi na Bwana Ramani. Kisiki kimoja kilichojificha kwenye majani kikarusha kijiti, kijiti kikapita kwenye feni, kikatoboa rejeta. Tundu dogo, lakini maji yakaanza kutoka kama mtoto anakojoa. Hapo nikakumbuka somo la Fundi Wiliamu. Rejeta ikitoboka porini, alisema, tia konzi mbili za unga, washa gari, unga utaiva humo ndani na kwenda kuziba tundu wenyewe. Nikamuuliza unga gani. Akasema unga ni unga.

Nikakimbilia nyumba ya karibu. Alikuwepo bibi mmoja anapepeta uani. Nikamsalimia, nikamwambia nina shida ya unga, gari langu linavuja.

"Gari lenu linakula unga?" akauliza.

"Leo linakula, bibi."

Akacheka mpaka akakaa chini. Akanipa unga wa ulezi kwenye kikapu kidogo, na kibuyu cha maji ya kuongezea. Nikatia konzi mbili, nikaongeza ya tatu kwa ajili ya usalama. Tukawasha, tukangoja, na wallahi lile tundu likaziba kavu! Bwana Ramani akanipa mkono. Tukapanda mpaka Mbozi bila kumwaga tone, nami njia nzima nikajiona Fundi Wiliamu mwenyewe.

Ambacho sikujua ni mambo mawili. Unga ule ulikuwa wa kimea, ulezi uliooteshwa, ambao bibi alikuwa ameandaa kwa pombe ya kazi ya shamba. Na kile kibuyu ndicho alichokuwa anachachushia. Yule bibi hakunidanganya, niliomba unga akanipa unga aliokuwa nao. Usiku huo Bwana Ramani akashikwa na homa, akalala siku tatu, na gari nalo likalala siku tatu. Nyie mliozaliwa Mbozi na Ileje mmeshaelewa. Maji ya vuguvugu, kimea, chachu, chombo kimefungwa mfuniko, siku tatu. Nilikuwa nimepika pombe ndani ya gari la Serikali ya Malkia na sikuwa na habari.

Jumanne asubuhi Bwana Ramani, homa imepungua, akaniazima gari kwa moyo mweupe kwa sababu ya ile siku ya Ikinga. Nikampakia Baba Mdogo, aliyekuwa amevaa koti la kuazima kutoka kwa mtu mnene kuliko yeye. Nikapima oili, nikatazama mkanda wa feni. Rejeta sikuifungua. Niliogopa kusumbua tundu lililoziba vizuri. Hilo lilikuwa kosa langu la pili kubwa maishani, na hapa hapa niseme, maji hayapimwi kwa kutumaini.

Kilima cha mwisho kabla ya Tunduma gari likaanza kuchemka. Kulikuwa na mlio wa kububujika mbele, na harufu. Baba Mdogo akanusa mara moja, akanitazama kwa huzuni.

"Asege, mwanangu. Leo? Siku kama ya leo?"

"Sijanywa, Baba Mdogo! Nilidhani ni wewe."

"Mimi ni mshenga!"

Tukasimama. Nikangoja mpaka naweza kuweka kiganja juu ya rejeta bila kuruka, maana anayefungua rejeta ya moto nimemwona, na hakuwa mzuri wa kumwona. Nikafunika kwa gunia, nikaanza kuzungusha mfuniko taratibu. Baba Mdogo, badala ya kukaa mbali, akainama kuchungulia. Mfuniko ukaruka. Povu la hudhurungi likapanda juu, likamwagika kwenye koti la kuazima lote, mbele na mifukoni, lililobaki likanikuta mimi kifuani. Tulikuwa na debe moja tu la maji na injini ilikuwa inalihitaji kuliko sisi. Nikaongeza maji, tukapanda, tukaenda kujibiwa posa tukinuka kama kilabu.

Nilijua kabisa nikikataliwa leo, mwalimu anaingia kesho.

Mzee Yosia alikuwa amekaa nje na mkewe, kiti cha wageni kimeshawekwa. Tulipokuwa hatua kumi kutoka kwake akainua mkono.

"Mwapoleni. Karibuni. Karibuni mpaka hapo hapo, msisogee." Akavuta pumzi. "Nani kati yenu amekunywa?"

"Hakuna aliyekunywa, mukwai," akasema Baba Mdogo, povu likimdondoka kwenye mfuko. "Ni gari."

"Gari."

"Ndiyo, mukwai. Limelewa."

Mzee Yosia akamgeukia mkewe, kisha akaturudia. "Mimi kazi yangu kanisani ni kusikiliza walevi. Wananiambia ni shetani. Wananiambia ni baridi. Mmoja aliniambia ni mbuzi wake. Gari ndilo nalisikia leo. Rudini mlikotoka."

Nikaeleza kisiki, nikaeleza unga, nikaeleza bibi wa Ikinga. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwenyewe kwamba hivi ndivyo mlevi anavyoeleza. Mzee akasimama aingie ndani. Hapo Tabita akatoka jikoni na maji ya wageni, akapiga magoti, akatusalimia kama vile hatunuki kitu.

"Baba," akasema, "rejeta ina koki chini. Ikifunguliwa tutaona kilichomo."

Nilitaka kulia. Kumbe alikuwa anasikiliza kweli! Nikaingia chini ya gari, nikafungua koki. Ikatoka rojo yenye povu, na machicha, na harufu ikajaa uani. Kabla hatujasema neno kuku wa mama mkwe wakavamia machicha. Walikula kama hawajawahi kula. Baada ya muda mfupi jogoo akapanda juu ya rundo la kuni, akawika, akasahau katikati, akaanguka. Majike mawili yakawa yanazunguka gurudumu la mbele, kila moja kwa njia yake.

"Mmeona, mukwai?" Baba Mdogo akafurahi.

"Kuku si mashahidi," akasema Mzee Yosia. "Wanaweza kuwa na jua kichwani."

Tabita aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kikombe cha bati. Akakikinga kwenye koki, akampelekea baba yake kwa mikono miwili.

"Baba, wageni wakionja watasemwa wanajitetea. Mama hajui ilivyo. Wewe ndiye mzee wa kanisa, hukumu ni yako."

Mzee Yosia akakitazama kikombe. Akaweka ncha ya ulimi. Akangoja kidogo, akanywa funda. Akafumba macho.

"Hiki ni kimea cha ulezi," akasema polepole. "Si cha huku kwetu, ni cha Kindali, wao wanakiotesha muda mrefu zaidi. Ina siku tatu, hizi nne. Ingeachwa mbili zaidi ingekaa sawa sawa. Na maji mmezidisha mwishoni, mmeiua."

Mkewe akamgeukia.

"Baba Tabita," akasema mkewe.

"Naam."

"Hizo siku mbili za kukaa sawa sawa, umezijuaje?"

Vijana wangu, somo kubwa la ufundi nililipata dakika ile, wala halikutoka kwa Fundi Wiliamu. Ukisikia injini ya mtu inagonga na hukuitwa kuitengeneza, usifungue boneti. Nilitazama kiatu changu. Baba Mdogo akatazama Rhodesia, ng'ambo ya mpaka. Tabita alikuwa bado amepiga magoti, amejifunika mdomo kwa khanga, mabega yanamcheza.

"Nimesikia watu wakisema," Mzee Yosia akajibu. Kisha haraka haraka, kama gari lililopata mteremko, "Haya basi, watu wametoka mbali hawa, tunawasimamisha kwa nini? Hawajanywa, ni gari, nimethibitisha mwenyewe. Tabita! Unamjua huyu kijana?"

"Namjua, baba."

"Tupokee walicholeta, au tusipokee?"

"Pokeeni."

Nikaegemea gari. Lilikuwa bado la moto na sikujali. Neno moja lile, "pokeeni", limenikalia mpaka leo vizuri kuliko jambo lolote nililowahi kuambiwa. Tuliishi pamoja miaka mingi mno, tukazaa saba, na kila nilipomuuliza Tabita kama alijua baba yake atasema nini juu ya kile kikombe, alicheka akaniambia niende nikaangalie gari. Mzee Yosia na mkewe wamelala makaburini Tunduma sasa, na haya ya mwisho ninayotaka kuwaambia kama ningeyasema wakiwa hai ningefukuzwa na mmoja na kukumbatiwa na mwingine.

Na nyie, mkilazimika kutia unga kwenye rejeta, ulizeni ni unga wa nini. Mkifika mjini msiuache humo, safisheni siku hiyo hiyo. Fungua koki, fungua mfuniko, pitisha maji safi injini ikiwa inazunguka polepole, mpaka yatoke meupe. Injini nayo ina koki yake ubavuni, wengi wanaisahau, na uchafu wote unabaki humo.

Ndiyo kazi niliyokuwa nafanya baada ya chakula siku ile. Wanawake walikuwa ndani na Baba Mdogo, koti limeanikwa kwenye uzio. Nilikuwa nimelala chini ya Landrova, nikaona viatu viwili vya kanisani vinakuja kwa kuzunguka nyuma ya nyumba, vikasimama karibu na sikio langu.

"Mwanangu," akasema Mzee Yosia. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo.

"Naam, baba."

"Umeimwaga yote?"

"Ya rejeta imekwisha, baba. Imebaki kidogo kwenye injini, lakini hiyo ina kutu."

Viatu vikageuka kutazama mlango wa nyumba, vikanirudia. Kikombe cha bati kikateremka taratibu mpaka usawa wa koki.

"Kutu haijakatazwa," akasema.